Kadi ya Mahame

Nilimwonea wivu Somoe hata siku ya hitima yake. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wa Kinjumbi, msahafu umefungwa mapajani mwangu, nikisikiliza wanavyomtaja. Hawakuwa wakilia. Walikuwa wakiulizana mambo ya kazi. Mmoja aliuliza sasa ni nani atakayejua mpaka wa mashamba ya zamani ulipita wapi. Mwingine akasema mabwana misitu wakija tena na karatasi zao watazunguka kijijini hadi wachoke, kwa maana mtu waliyekuwa wakimwendea hayupo. Mimi nimefundisha Kiingereza mjini Lindi hadi nikastaafu. Watu wazima wenye vitambi wananiamkia shikamoo kutoka ng'ambo ya barabara, nami naitikia marahaba bila kukumbuka majina yao. Lakini nilipokuwa pale mkekani nilijua kwamba siku yangu itakapofika watasema nilikuwa mkali na nguo zangu zilikuwa zimepigwa pasi. Hakuna atakayeuliza nani atafanya nini bila mimi. Mtu amekwisha kuzikwa, nami bado napima yeye alipata nini na mimi nilipata nini. Kipimo hicho nilikianza nikiwa na miaka ishirini na moja, na mwaka huo ndio nitakaoueleza hapa.

Wakati huo barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa bado inakatwa na mto Rufiji, na watu walivuka kwa pantoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, Kiingereza nimefaulu kuliko wasichana wote wa darasa letu, na sikumwacha mtu yeyote asahau jambo hilo. Basi aliposikika Mzungu mmoja anayetafuta mkalimani Kilwa, nilikwenda nikiwa na hakika ya kupata. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtaalamu wa mimea, watu walimwita Bi Heleni. Alikuwa akichora ramani ya misitu ya pwani na mikoko, kuanzia Kinjumbi hadi Kiranjeranje, na pamoja na ramani alitaka orodha ya maneno: kila aina ya ardhi, jina lake kwa Kiingereza na jina wanaloliita wenyeji, ili maofisa watakaokuja baada yake wasichanganye mambo. Alinisomesha ukurasa mmoja, akaniuliza maswali mawili, akanipa meza, taipureta na sanduku la kadi tupu.

Tulikaa Kilwa Kivinje, katika nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya jengo la Wajerumani ambalo lilikuwa limebaki kuta tu. Sebule ilikuwa na meza ndefu ya mninga. Chumba cha mbele alilala Bi Heleni. Chumba cha nyuma, chenye dirisha la kutazama uani, nilikaa mimi na mpishi, na mpishi ndiye Somoe. Alikuwa na vitanda viwili vya kuchagua kwa kuwa alitangulia kufika, akaniachia kile cha dirishani. Chokaa ya ukutani ilikuwa ikibanduka, na kila asubuhi tulikung'uta mashuka yetu kama watu waliolalia unga. Yeye alinizidi miaka mitatu. Alikuwa ameishia darasa la saba, na tangu utoto alikuwa akiingia mikokoni na baba yake kukata boriti. Aliniambia hayo siku ya kwanza huku akikunja kanga zake ndani ya kikapu, nami nilifurahi kimoyomoyo. Niliona nimepata mwenzangu wa chumba mzuri, tena asiyeweza kunishinda kwa lolote.

Kazi ya kadi niliiona nyepesi. Bi Heleni aliandika neno la Kiingereza juu, nami nikaandika la Kiswahili chini. "Marsh", "swamp" na "bog" nikaziandikia zote kinamasi. "Forest", "wood" na "bush" zikawa msitu, isipokuwa pale nilipochoka nikaandika pori. "Coast", "shore" na "beach" zote zikawa pwani. Kamusi yangu ilikuwa mkononi, na kila kadi ilinichukua dakika moja. Nilidhani lugha mbili ni kama masanduku mawili yenye vitu vilevile, na kazi ya mkalimani ni kujua kipi kiko wapi. Wiki ya tatu Bi Heleni alizipanga kadi mezani, akazitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole kama watu wa huku kweli hawana tofauti kati ya tope lenye majani na tope lenye miti. Nilimjibu kwamba hawana. Nilisema hivyo mimi niliyezaliwa mjini Lindi, ambaye sikuwahi kukanyaga tope la aina yoyote bila kulia.

Mambo yaligeuka siku moja wakati wa chakula cha mchana. Tulikuwa tumetoka kwenye mikoko, na Bi Heleni alikuwa akiulizia ule uwanja mweupe ulio nyuma ya miti, usioota kitu. Nilisema wenyeji wanapaita jangwa, na jangwa kwa Kiingereza ni "desert". Bi Heleni alishangaa. Akauliza jangwa litokee wapi mahali ambapo mtu akikaa anasikia mawimbi. Somoe alikuwa akitua sahani ya changu wa kukaanga na bakuli la wali wa nazi. Neno jangwa alilisikia, na cheko langu la aibu akalisikia pia. Akasema, bila kuulizwa, kwamba jangwa la huku si lile la kwenye vitabu. Ni mahali ambapo maji ya chumvi hufika wakati wa bamvua tu, yale maji makubwa ya mwezi, tena kidogo, kisha jua linayakausha na chumvi inabaki. Mkoko haukai pale. Mchu, ule mkoko mvumilivu, hujaribu pembeni, ukadumaa. Ukiona mchu usiozidi kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, alisema, ujue mguu wako mmoja umesimama kwenye jangwa. Bi Heleni alinigeukia nimfasirie. Nilimfasiria nusu. Lakini alikuwa amemtazama Somoe mikono ikieleza, akaona kwamba maneno niliyoyatoa yalikuwa machache kuliko yaliyoingia. Akaweka uma chini, akavuta kiti, akapigapiga mbao za kiti hicho taratibu kwa kiganja, kumwashiria Somoe akae.

Tangu siku hiyo Somoe alikula mezani. Ndani ya mwezi mmoja ikaamuliwa kwamba siku tatu kwa wiki atafuatana na Bi Heleni porini, na kwa kuwa siku hizo hakuna wa kupika, nitapika mimi. Sikupinga. Nilijifunga kanga kiunoni nikakaa juu ya mbuzi uani, mimi na cheti changu, nikikuna nazi, na wao wakirudi walikaa sebuleni na kadi zao, mlango ukiwa umeachwa wazi kwa ajili ya upepo. Kiingereza cha Somoe kilikuwa maneno arobaini, na Kiswahili cha Bi Heleni kilikuwa cha kununulia samaki. Walielewana hivyohivyo. Walichora. Walileta mchanga kwenye kikombe. Siku moja nilimsikia Bi Heleni akieleza kwamba "coast" ni ile nchi nzima iliyopakana na bahari, kama unavyoiona kwenye ramani, na mtu anaweza kuishi huko mwezi mzima asiyaone maji. "Shore" ni pale nchi inapokutana na maji, na mara nyingi hilo ni neno la mtu aliye chomboni anayetamani kufika. "Beach" ni mchanga wenyewe, pa kukaa na kutembea. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia mambo hayo, na sasa alikuwa akiambiwa mpishi. Somoe alimjibu polepole ili Bi Heleni aweze kumfuata.

"Wewe unatazama nchi. Sisi tunatazama maji. Maji yakijaa, hapa ni bahari. Maji yakipwa, hapa ni pwani. Pwani ni palipopwa."

Mikono yangu ilisimama. Nilikuwa nimelitamka neno pwani maisha yangu yote. Nilikuwa nimelitungia sentensi, nimelifanyia mtihani, nimeliandika kwenye kadi tatu, na sikuwahi kuona kilichomo ndani yake. Nilisikia Bi Heleni akilirudia, pwani, palipopwa, kwa sauti ya mtu aliyepewa zawadi. Nikaanza kukuna tena, nikakuna nazi ile hadi kwenye kifuu, na mchana ule wali ulikuwa na vidoadoa vyeusi. Somoe aliula wote. Hakusema kitu, na kutosema kwake kuliniudhi kuliko kama angenicheka.

Wivu niliokuwa nao haukuwa wa chuki ya wazi. Tuliendelea kusukana nywele Ijumaa. Alinifundisha kuchagua kaa aliyejaa kwa kumpima mkononi, nami nilimfundisha kuandika jina lake kwa herufi za kuunganisha. Lakini nilianza kuhesabu. Bi Heleni alikuwa na desturi ya kuandika, mguuni mwa kila kadi, jina la mtu aliyemweleza neno lile. Jina la Somoe lilikuwa limejaa sandukuni. Langu halikuwapo hata kwenye kadi moja, kwa sababu mtu haandikwi kwa kufasiri. Nilikuwa nikizitoa wakati hawapo, nikazipitisha vidoleni, nikitafuta pengine Somoe amekosea. Alikuwa akizidi kuwa sahihi. Kinamasi changu kimoja kilikuwa kimegeuka kadi tano, mbili zikiwa na maneno ya Kimatumbi niliyokuwa siyajui. Kwenye kadi ya "bush" Bi Heleni alikuwa ameandika, kwa mkono wake, kwamba watu wa kwao hulitumia neno hilo wanapokuwa hawajui kilichopo pale.

Masika yalipokwisha macho yalimsumbua Bi Heleni, akaenda Dar es Salaam kutibiwa. Aliniachia kazi ya kupiga chapa orodha yote, kuandika majina kwenye ramani, na kupeleka nakala ofisini wilayani kabla hajarudi. Siku hizohizo Somoe alikwenda kwao Kinjumbi mara moja, akarudi na kadi moja iliyoandikwa kwa penseli pande zote mbili. Ilihusu eneo lililo magharibi ya kijiji, ambalo kwenye ramani lilikuwa bado halina jina. Ukilitazama kwa mbali ni msitu, miti imefungamana. Lakini shangazi yake, Bi Mwajuma, alizaliwa mle. Watu waliishi pale hadi walipoambiwa wahamie barabarani, wakati wa vijiji vya ujamaa. Somoe alikuwa ameandika majina ya nyumba nane, mahali pa kisima, na makaburi yalipo. Juu ameandika kwa zile herufi za kuunganisha nilizomfundisha: mahame.

"Hili Kiingereza chake sikipati," aliniambia. "Forest siyo, bush siyo. Nitafutie neno, Mwanaidi. Na usiseme wamepaacha. Sema walihamishwa, na wazee wao wamelala pale."

Nilisema sawa. Akaenda kuosha vyombo. Niliweka karatasi kwenye taipureta na kuitazama kadi ile kwa muda mrefu. Nilijua la kuandika. Ilihitaji sentensi mbili za Kiingereza kizuri, na Kiingereza kizuri ndicho nilichokuwa nacho. Lakini mguuni mwa sentensi hizo ningelazimika kupiga chapa, kwa vidole vyangu, Kwa maelezo ya Somoe. Kadi yenyewe ilikuwa bora kuliko zote sandukuni. Nilijua Bi Heleni akiiona atafanya nini: ataisoma kwa sauti, ataondoa miwani, atamwita. Basi niliinua karatasi iliyotandikwa chini ya sanduku langu la nguo, nikaitia kadi ile pale, nikazipanga nguo juu yake. Kwenye ramani niliandika "forest". Herufi sita. Siku ya pili nilipanda gari kwenda Kilwa Masoko, makao ya wilaya, nikakabidhi nakala ofisini na kutiliwa sahihi kwamba imepokelewa.

Nilichotaka kilikuwa kidogo. Nilitaka jina moja lipungue. Sikuwa nimefikiri kwamba ramani ni kitu ambacho watu hukifuata. Kabla ya vuli walikuja vijana wa upimaji Kinjumbi, wakapiga miti rangi nyekundu na kusimika mawe ya mpaka, na watu wakatangaziwa kwamba msitu ule sasa umehifadhiwa na haingii mtu. Bi Mwajuma alikuwa na kawaida ya kwenda kufyeka makaburi kila mwaka kabla ya Ramadhani. Alirudishwa mpakani na panga lake likachukuliwa. Habari ilifika Kivinje kwa mchuuzi wa samaki, tukiwa mezani wote watatu tunakula mihogo ya nazi. Somoe aliacha kula. Bi Heleni, aliyekuwa amerudi na miwani mipya, aliniuliza kama kuna kadi yoyote iliyoletwa juu ya eneo lile. Nilimjibu kwa Kiingereza, haraka, kwamba sikuona. Somoe alinitazama. Kufikia wakati huo alikuwa akielewa Kiingereza zaidi ya nilivyopenda kuamini.

Mkutano uliitishwa katika darasa moja la shule ya msingi. Bwana misitu alisoma karatasi yake, nayo ilisema eneo hilo ni msitu wa asili usio na historia ya watu. Nilikuwa nimekaa pembeni yake kama mkalimani wa Bi Heleni, na sentensi ile niliirudisha kwa Kiingereza bila sauti yangu kutetemeka. Watu walianza kuzungumza kwa pamoja. Somoe hakubishana. Alisimama, akamwamkia bwana misitu kwa adabu, akamwomba jambo moja tu: watembee. Tulitembea karibu wote, Bi Mwajuma akiongozwa mkono. Ndani ya miti ile Somoe alitaja nyumba moja baada ya nyingine, hapa kwa fulani, hapa kwa fulani, na kila alipotaja alionyesha kitu: mafiga matatu yenye masizi bado, kinu kilichopasuka, mikwaju miwili iliyopandwa mstari mmoja. Tulipofika makaburini, watu walivua viatu. Bwana misitu naye alivua. Bi Heleni aliniuliza kwa sauti ya chini neno la mahali hapa ni lipi. Nilimwambia mahame. Akauliza kwa nini halimo kwenye orodha, nami nilijifanya sikusikia.

Tuliporudi Kivinje jioni Somoe aliingia chumbani nikiwa nakung'uta shuka ambalo halikuwa na chokaa. Alifunga mlango, akakaa kwenye kitanda chake.

"Ile kadi nilikupa mkononi."

"Nilisahau," nilisema.

"Hukusahau. Mtu akisahau hutafuta. Wewe hukutafuta, kwa sababu unajua ilipo."

Nilifungua sanduku, nikaitoa, nikampa. Nilimuuliza kama atamwambia Bi Heleni. Alifikiri kidogo, kama mtu anayepima unga. Alisema hapana. Akimwambia nitafukuzwa, na mimi nikifukuzwa hakuna mtu wa kuandika barua ya wilayani, maana yeye anajua ya kusema ila hajui kuyafikisha. "Nakuhitaji," alisema, na kwa jinsi alivyolisema halikuwa neno la mapenzi. Halafu akasema, taratibu zaidi, kwamba usiku mwingi alikuwa akilala akitamani kuzungumza na Mzungu yule kama mimi ninavyozungumza naye, sentensi nzima bila kuchora kwenye mchanga. Alisema alikuwa akinionea wivu tangu siku ile ya kwanza alipokuwa akikunja kanga zake. Nilidhani wivu wa chumba kile ulikuwa wangu peke yangu.

Barua tuliiandika kwa siku mbili. Yeye alisema, mimi niliandika, na kila sentensi alitaka nimrudishie kwa Kiswahili aone kama haijapungua. Nilipoandika kwamba watu "waliondoka", alinifutisha. Nilipoandika kwamba makaburi "yanadaiwa" kuwepo, alinifutisha tena. Sijawahi kuandika Kiingereza bora kuliko kile. Ofisi ilijibu baada ya miezi kadhaa. Mpaka ulirudishwa nyuma upande wa makaburi. Upande wa kisima na mashamba haukurudi, kwa sababu, walisema, ramani ilikwisha kupita ngazi za juu na mstari mmoja tu ndio ungeweza kusogezwa. Haujarudi hadi leo. Bi Heleni aliondoka mwisho wa mwaka ule. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, na kwa miaka yote niliyofundisha, nimesimama mbele ya madarasa nikieleza tofauti ya "coast", "shore" na "beach", na nimeeleza pwani ni palipopwa, na wanafunzi wameinua macho kwa mshangao, na sikuwahi hata mara moja kusema niliyasikia wapi. Somoe nilimwona mara tatu au nne tangu hapo, harusini na misibani. Tulisalimiana vizuri.

Sasa pale hitimani, baada ya dua, binti yake mkubwa, Zaituni, alinishika mkono na kuniinua mbele ya wanawake. Alisema huyu ndiye Mwalimu Mwanaidi wa Lindi, ambaye marehemu mama alikuwa akisema kila mara kwamba ndiye aliyeandika barua iliyoyarudisha makaburi, na kwamba bila yeye mama asingezikwa jana pale alipozikwa, karibu na wazee wake. Wanawake waliitikia kwa kunishukuru. Mmoja alinibusu mkono. Nilielewa kwamba Somoe alikuwa amesimulia mwaka ule kwa miaka zaidi ya thelathini, katika nyumba hii, juu ya mikeka kama hii, na kila mara alikuwa ametoa nusu yangu nzuri na kuiacha ile nyingine. Wivu ulinirudia kwa nguvu niliyoifikiri imekwisha. Yeye aliweza kunyamaza muda wote ule bila kudaiwa na mtu, na mimi sikuweza kupokea shukrani kwa dakika moja.

Nilibaki nimesimama. Nilisema kwamba kulikuwa na kadi. Nilisema marehemu aliiandika yeye, kwa penseli, pande zote mbili, akanipa mkononi, na mimi niliificha kwa sababu ya wivu, na kwa ajili hiyo kisima na mashamba yako nje ya mikono yao mpaka leo. Sauti yangu, iliyozoea kujaza darasa, ilitoka ndogo. Zaituni aliuachia mkono wangu. Nyuma kabisa, karibu na mlango wa uani, kulikuwa na wazee waliokuwa wakimenya vitunguu kwa ajili ya pilau, na mmoja wao aliinua uso.

"Sema tena, Mwalimu," alisema. "Huku nyuma hatukusikia."

Nikasema tena, kwa sauti, tangu mwanzo.